Mashamba Mawili, na Vikapu Kumi na Viwili vya Samadi



Tumeulizwa mara nyingi na walimu wenzetu, na wazazi wanaopita kwetu, habari za lile shamba lenye majani ya kutambaa kati ya mistari ya mahindi. Wengine wameomba tuandike jinsi tulivyofanya, ili na wao wajaribu nyumbani kwao. Tumekawia kuandika. Sababu ya kukawia si wingi wa kazi, ila ni haya. Maana hatuwezi kuisimulia habari ya shamba hilo kwa kweli tusipoisimulia na habari ya kosa letu. Sasa tumeona ni heri tuandike yote mawili pamoja, na kila nyumba ichukue la kuifaa.

Sisi tu mume na mke. Mmoja wetu hufundisha shule na mmoja hulima. Lakini wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna sote wawili twashika jembe, na watoto pamoja nasi. Kwetu ni katika vilima vya magharibi ya Kenya, upande wa kushukia Ziwa la Viktoria, mahali penye watu wengi na mashamba madogo. Shamba letu lote ni eka moja na nusu, nalo hulimwa mara mbili kila mwaka, masika na vuli.

Adui mkubwa wa mkulima katika nchi hii ni gugu liitwalo kiduha. Wajaluo huliita kayongo. Maua yake ni ya rangi nzuri ya waridi, hata mgeni apitaye njiani husimama akalisifu, huku mwenye shamba akiugua moyoni. Kiduha hakijitafutii chakula chote kama miti mingine. Mbegu yake, iliyo ndogo kama vumbi, hulala ardhini ikingoja, na yaweza kungoja zaidi ya miaka 10. Mzizi wa mhindi ukipita karibu, mbegu husikia utomvu wake, huamka, hujishika katika mzizi ule, ikanyonya. Mhindi hudumaa na kugeuka manjano hata kabla gugu halijatokeza juu ya udongo. Na litokezapo, madhara yamekwisha kutendeka. Kisha kila gugu moja humwaga mbegu maelfu kwa maelfu. Hata Wazungu kwa lugha yao waliliita gugu la wachawi. Basi si ajabu watu wa kwetu wakinong'ona kwamba shamba lenye kiduha limetupiwa jambo.

Adui wa pili ni funza wa mabua. Nondo huja usiku, hutaga mayai katika majani ya mhindi, na funza wakitoka huingia ndani ya bua na kulila. Aina moja ya funza hao ni ya Afrika tangu kale. Aina nyingine ilitoka Asia. Mahali penye adui hawa wawili pamoja, mtu hupanda eka akavuna kikapu.

Dawa ambayo tuliijaribu haikutungwa na sisi. Ilitoka kwa wachunguzi wa kituo cha wadudu kiitwacho icipe, kilichoanzishwa mwaka wa 1970 na mwana wa Kenya, Profesa Thomas Odhiambo. Makao yake makuu yako Nairobi, nacho kina tawi huko Mbita, kando ya Ziwa la Viktoria. Huko Mbita Dkt. Zeyaur Khan, pamoja na wachunguzi wa kilimo wa Kenya, na Profesa John Pickett na wenzake wa Rothamsted katika Uingereza, walichunguza mamia ya majani ya porini, wakiuliza: nondo hupenda jani lipi, na huchukia lipi? Mwaka wa 1997 wakaanza kuyajaribu majibu yao katika mashamba ya wakulima wenyewe.

Njia yao huitwa vuta-sukuma. Kati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde utambaao chini. Na kulizunguka shamba lote hupandwa mistari mitatu ya nyasi za nepia, zile zilishwazo ng'ombe. Wachunguzi walieleza kwamba harufu ya desmodiamu humsukuma nondo atoke, na harufu ya nepia humvuta aende pembeni. Akitaga katika nepia, jani hutoa utomvu wa kunata, na funza wengi hufa kabla ya kukua. Jambo la kiduha halikutazamiwa. Desmodiamu ilipandwa kwa ajili ya nondo, na walipotazama wakaona kiduha kimepungua sana. Walipochunguza wakakuta kwamba mizizi ya desmodiamu huamsha mbegu za kiduha, kisha huzizuia zisijishike katika mhindi. Nazo zikiisha kuamka bila kupata mahali pa kunyonya hufa. Hivyo ghala ya adui iliyo ardhini hupungua msimu kwa msimu. Tena desmodiamu hurutubisha udongo kwa mizizi yake kama kunde, na huufunika usikauke wala usichukuliwe na maji.

Tulisikia habari hizi kwa bwana shamba, na chama cha wakulima cha kanisa letu kikatuomba tuwe wa kwanza kujaribu, kwa kuwa mmoja wetu ni mwalimu na anajua kuandika hesabu. Basi wakati wa masika ya mwaka wa 2014 tukapima vipande viwili vilivyopakana, kila kimoja hatua 25 kwa hatua 25, udongo mmoja na mteremko mmoja. Kimoja tukakipanda kwa desturi yetu ya zamani; cha pili tukakipanda vuta-sukuma. Tukapatana mbele ya chama kwamba mbegu ya mahindi itakuwa ile ile, siku ya kupanda ile ile, palizi sawasawa, na samadi vikapu 20 kila upande. Yote yakaandikwa katika daftari.

Ndugu yetu mkubwa, aliye kichwa cha ukoo, alikuja akasimama ukingoni, akasema, "Mnapanda majani ya ng'ombe mahali pa chakula cha watoto?" Hatukumjibu, maana swali lilikuwa la haki. Watoto watano walikula katika shamba lile, nasi tulikuwa tumetoa sehemu yake kwa jambo ambalo hatujaliona kwa macho.

Ikawa wiki ya sita mahindi ya kipande kipya yakaonekana dhaifu kuliko yale ya desturi. Leo twajua sababu. Desmodiamu hukua polepole sana mwanzoni, wala haijapata nguvu ya kusaidia; tena ikiachwa bila palizi hulemewa na magugu, na nepia nazo huchukua nafasi na chakula cha udongo. Lakini siku zile hatukujua. Tulijua tu kwamba bwana shamba na wazee wa kanisa watakuja kutazama, na ya kuwa ndugu yetu atasimama ukingoni tena.

Basi jioni moja mmoja wetu alichukua samadi iliyooza vizuri kutoka zizini, akaipeleka katika kipande kipya, akaifukia mashinani. Vikapu 12. Hatutasema ni yupi kati yetu aliyebeba, kwa kuwa mwenzake aliona akanyamaza, na kunyamaza kule kulikuwa mkono wa pili wa kikapu. Katika daftari pakabaki vile vile: samadi, vikapu 20 kila upande. Maneno yale yalikuwa ya uongo, nayo yaliandikwa kwa mwandiko mzuri wa mwalimu.

Wageni walipokuja mwezi wa Julai mahindi yalikuwa yamenyanyuka, ya kijani. Wakasifu. Wakati wa kuvuna tukapima kwa gorogoro mbele ya chama: upande wa desturi 25, upande mpya 41. Wazee wakamshukuru Mungu kwa sala. Sisi tuliinamisha vichwa pamoja nao, tukasema Amina, na Amina ile ilikuwa chungu. Lakini tulijiambia kwamba njia yenyewe ni njema, wataalamu wameithibitisha, na kwamba tumeisaidia kidogo tu watu wapate kuamini. Hivyo ndivyo shetani anavyomwendea mtu wa kanisa: hamwambii atende ubaya, humwambia ausaidie wema.

Kwa ajili ya daftari letu nyumba tisa zikatupa neno kwamba zitapanda. Mmoja wao alikuwa jirani yetu, mama mjane, mwenye kipande kimoja tu, chini ya nusu eka. Sisi humwita Mama, kwa kuwa ana umri wa mama zetu. Yeye hakugawa shamba lake mara mbili kama sisi. Alilipanda lote wakati wa masika ya mwaka wa 2015, akisema, "Daftari la Mwalimu limekwisha kunigawia."

Mwezi wa Agosti alikuja nyumbani kwetu jioni, akaketi kwenye kibaraza, akakataa chai. Akasema, "Mwalimu, nimefuata kila neno. Nilipima kwa kamba yako, na mbegu nilinunua pale pale uliponunua. Samadi niliomba kwa watu mpaka vikatimia vikapu ulivyoandika. Ninyi mlitoka 25 mkapata 41. Mimi nimevuna pungufu kuliko mwaka jana. Mvua ya Mungu hunyesha kwenu na kwangu. Basi kuna nini shambani mwangu?"

Tukamwambia maneno mengi juu ya udongo na mteremko. Alitusikiliza kwa adabu, kisha akatueleza jambo ambalo lilitukata maini. Tangu mumewe alipofariki, watu wa ukoo wa mume walisema kwamba kuna kitu kimezikwa katika shamba lile, na ya kuwa hapatamea kitu mpaka mganga aletwe akichimbue. Mara mbili amewakataa kwa ajili ya imani yake. "Lakini sasa," akasema, "wameniuliza: kama ni kilimo tu, mbona Mwalimu amefanya hivyo hivyo akapata, nawe ukakosa? Nami sina neno la kuwajibu. Wamenionyesha mbuzi wangu, wakasema atatosha."

Alipoondoka hatukuweza kula wala kulala. Tulikuwa tumedhani uongo wetu ni wa vikapu 12 tu, na ya kuwa umekwisha kuoza pamoja na samadi. Kumbe ulikuwa umelala ardhini kama mbegu ya kiduha, na ulipoamka haukutushika sisi, ulimshika mjane. Tulimfundisha mama huyu katika madarasa ya ubatizo kwamba nguvu za waganga ni za kuogofya watu tu. Na sisi wenyewe ndio tuliowapa watu wa mganga ushahidi, ulioandikwa, wenye tarakimu. Sote twaujua ule mfano wa Bwana wetu, wa adui aliyekuja usiku akapanda magugu katika ngano ya mwenziwe. Mara nyingi tuliufundisha. Hatukuwahi kufikiri kwamba adui yule aweza kuwa mwalimu wa shule, mwenye kikapu cha samadi.

Alfajiri tukaenda kwake sote wawili. Tulimkuta anapukuchua mahindi yake machache. Tukamweleza yote, hesabu ya vikapu na siku yenyewe. Hakusema neno, aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likaisha. Kisha akasema, "Kwa hiyo shamba langu halina kitu."

Tukasema, "Halina kitu, Mama. Lina kiduha na uchovu, kama mashamba yetu sote."

Akacheka kidogo, kisha akalia. Akasema, "Mngalisema mapema, ningalilala usingizi mwaka huu."

Siku ya Jumapili, baada ya ibada, tukaomba ruhusa kwa wazee, tukasimama mbele ya watu na daftari mkononi, tukasema. Hatutaki kuwaficha yaliyofuata. Kati ya zile nyumba tisa, nne ziling'oa desmodiamu wiki ile ile, wakasema njia yote ni uongo. Hatukuweza kuwashawishi, maana mtu aliyekwisha kudanganya hupoteza hata haki ya kusema kweli kwa sauti kubwa. Wengine walitucheka. Ndugu yetu mkubwa alisema neno moja tu, "Nilijua," akaenda zake. Mjane tulimlipa upungufu wa mavuno yake kwa mahindi yetu, naye alipokea bila kujivunia.

Kisha tukamwomba yeye jambo moja zaidi: awe msimamizi wa jaribio jipya. Tulipima vipande viwili vingine, mahali pengine pa shamba ambapo hapakuwa na samadi ya siri, tukaanza tena wakati wa masika ya mwaka wa 2016. Mama huyu hajui kusoma. Basi alileta vibuyu viwili, na kila gorogoro lililopimwa alitia kokoto moja, kibuyu kimoja kwa kila kipande. Samadi nayo aliihesabu vivyo hivyo. Vibuyu vilikaa nyumbani kwake, na mwisho wa msimu kokoto zikahesabiwa mbele ya chama, ndipo daftari likaandikwa.

Hesabu za msimu wa kwanza zilikuwa: desturi 24, vuta-sukuma 21. Tulishindwa mbele ya watu wote. Walakini tuliona wepesi wa moyo kuliko siku ya 41. Na yule mama akasema kwa sauti, watu wa ukoo wa mumewe wakisikia, "Mnaona? Na kwa Mwalimu pia mwaka wa kwanza hupungua."

Vuli ya mwaka wa 2016 mvua ilikosekana katika sehemu nyingi za Kenya, na mapema mwaka wa 2017 serikali ikatangaza kwamba ukame ni msiba wa taifa. Tulipata desturi 9, vuta-sukuma 13. Ulikuwa ushindi mdogo wa njaa. Lakini tulipochimba kwa kidole chini ya majani ya desmodiamu tulikuta udongo una unyevu, na upande wa pili ulikuwa vumbi. Masika ya mwaka wa 2017 akaja adui mgeni, kiwavijeshi vamizi, asili yake Amerika, ambaye alionekana Afrika ya Magharibi mwaka wa 2016 na kufika Kenya mwaka wa 2017. Alikula mahindi ya nchi kama moto. Tukapata desturi 14, vuta-sukuma 39. Baadaye tulisoma kwamba wachunguzi wa icipe nao walipima mashamba ya vuta-sukuma, wakakuta viwavi katika kila mhindi wamepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Habari hizo zilitangazwa mwaka wa 2018. Vuli ya mwaka wa 2017 tukapata desturi 20, vuta-sukuma 47. Kiduha, ambacho tulikihesabu shina kwa shina, kilikuwa kimebaki michipuko michache katika kipande kipya, na katika kile cha desturi kilijaa maua.

Kwa hiyo njia ilikuwa njema, kama tulivyojiambia siku ile ya samadi. Neno hilo ndilo linalotuuma zaidi. Haikuhitaji msaada wetu. Ilihitaji misimu mitatu ya kungoja, nasi tulitaka iwe mmoja.

Yatupasa kusema na hasara zake, mtu asije akatulaumu. Mbegu ya desmodiamu ni ya bei, na kupanda mara ya kwanza ni kazi nyingi. Mbegu ni ndogo, huchanganywa na mchanga laini, hutiwa katika mfereji usio na kina, na ikifukiwa sana haioti. Msimu wa kwanza palizi ni ya mkono, kwa uangalifu, usije ukaing'oa kwa kudhani ni gugu. Baadaye yataka kukatwa, isije ikapanda juu ya mahindi. Nyasi za nepia zina ugonjwa wa kudumaza ambao umeenea magharibi ya Kenya; mashina yakigeuka manjano na kuwa mafupi, ng'oa upesi. Kwa sehemu zenye ukame wachunguzi wamechagua brakiaria mahali pa nepia. Na asiye na mnyama, wala jirani mwenye mnyama, atapata nusu tu ya faida, maana majani haya ndiyo malisho. Sisi twakamua maziwa zaidi kuliko zamani. Yule mama hana ng'ombe. Lakini mbuzi wake, yule aliyekuwa atolewe kwa mganga, alishiba desmodiamu akazaa mapacha, na nepia huwauzia watu. Mmoja wa wanunuzi wake ni ndugu yetu mkubwa, ambaye mpaka leo hajapanda hata shina moja, na husema kwamba majani ya kununua yana ladha.

Tena tumejifunza kwamba hata wakubwa wa elimu hawajaacha kupima. Mwaka wa 2024 wachunguzi wengine walitangaza kwamba, kwa majaribio yao, harufu ya desmodiamu haimfukuzi nondo kama ilivyodhaniwa. Bali manyoya madogo ya majani na mashina yake huwanasa wadudu na kuwaua. Wengine wangali wakishikilia maelezo ya kwanza. Hatukufadhaika tuliposikia. Kokoto za mjane hazikubadilika kwa ajili ya hayo; maelezo ya wenye elimu yaweza kugeuka, na mavuno yaliyopimwa kwa haki yakakaa vile vile. Kule Rothamsted, kwa wale waliosaidiana na Mbita, lipo shamba la ngano liitwalo Broadbalk, ambalo Bwana Lawes na Bwana Gilbert walilianza mwaka wa 1843, na jaribio lake laendelea mpaka leo. Ndani yake kuna ukanda mmoja usiopewa samadi wala mbolea yo yote tangu mwanzo. Twadhani katika miaka hiyo yote walikuwapo watu walioona ngano ile nyonge wakatamani kuisaidia. Lakini ukanda ule maskini ndio unaowaambia thamani ya kanda nyingine zote. Kama ungalipewa kikapu kimoja cha siri, shamba lote lingalikuwa bubu.

Basi, ndugu walimu, na ninyi akina baba na akina mama, mkitaka kujaribu njia mpya yo yote, iwe hii, au kufunika udongo kwa majani makavu, au kutengeneza mboji, twawashauri haya. Msitoe shamba lote. Toeni sehemu ambayo ikikosa kuzaa watoto hawatalala na njaa. Wekeni kando yake kipande cha desturi, kilicho sawa kwa udongo na ukubwa, mkitendee haki kama mnavyomtendea mtoto wa kambo mbele za Mungu. Badilini jambo moja tu kwa mara moja, maana mkibadili mawili hamtajua lililoleta faida. Mpeni mtu mwingine ashike kipimo, hasa mtu ambaye atapata hasara mkidanganya. Ngojeni misimu mitatu, minne. Na mkikosea, kwa mvua, kwa ng'ombe aliyevunja ua, au kwa udhaifu wa moyo, liandikeni kosa pale pale karibu na hesabu.

Mithali zatufundisha jinsi Bwana anavyoichukia mizani ya udanganyifu. Zamani tulidhani neno hilo ni la wafanyabiashara wa soko. Sasa twajua kwamba daftari la mwalimu ni mizani, na gorogoro ni mizani, na ushuhuda unaotolewa kanisani baada ya mavuno ni mizani pia. Na kwamba anayepimiwa vibaya aghalabu ni yule ambaye hana cha akiba.

Lile daftari la kwanza tumelitunza. Ukurasa wa mwaka wa 2014 hatukuuchana. Tumeupigia mstari mmoja mwekundu pale palipoandikwa vikapu 20, na juu yake tumeandika 32. Watoto wetu wameuona, wameuliza, na tumewajibu.

Mungu awabariki katika mashamba yenu na katika vipimo vyenu.

Sisi ndugu zenu katika Kristo,
Mwalimu na mkewe.